Kimya cha Waoshaji Wawili

Mgeni asiyetikisa kikombe hafukuziki. Mazoon aliijua kanuni hiyo tangu utotoni, na katika kazi yake ya kuwatafutia mawakili mashahidi waliopotea ilikuwa imemfaa kuliko kitambulisho alichobeba zamani alipokuwa polisi. Ukirudisha kikombe cha kahawa bila kukitikisa, mwenyeji hana budi akumiminie tena. Na maadamu anakumiminia, hawezi kusimama akakuaga. Hiki kilikuwa cha tano, na moyo ulikuwa umeshaanza kumwenda mbio kwa kahawa tupu.

Suud alimimina bila kulalamika. Alikuwa mtu anayekaribia makamo, mwembamba, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuagiza matunda. Soko kuu la Mawaleh, pembeni mwa Maskati, lilipohamishwa, aliihamisha biashara lakini nyumba akaiacha palepale, jirani na mabanda yaliyobaki matupu. Mlango wa majlisi ulikuwa wazi kama adabu itakavyo, na mkewe alikuwa akipitapita ukumbini kuhakikisha halua haijapungua kwenye sinia.

"Ulisoma Marekani, bwana Suud," Mazoon alisema.

"Nilisoma. Nikarudi na shahada na kitambi. Kitambi kimeondoka, shahada ipo."

"Na ulirudi na maiti ya Wael."

Mkono ulioshika dele la kahawa ukasita. "Allah amrehemu. Alikuwa rafiki yangu. Mtu hamwachi rafiki yake ugenini."

"Kweli. Na unamjua mtu anaitwa Abdulrazak?"

"Simkumbuki." Suud akafikiri, au akajifanya anafikiri. "Watu wa Tanga walikuwa wengi mji ule. Munakutana msikitini, munasalimiana, wiki ikenda humkumbuki mtu jina."

Mazoon akakata kipande cha halua, akakila taratibu. Hakuwa ametaja Tanga. Wala hakuharakisha kumwambia hivyo, kwa sababu mtu ukimnasa mapema hufunga mdomo, na yeye alimtaka Suud aufungue. Alichojifunza kilimtosha kwa wakati ule. Mwongo mzoefu angeuliza, Abdulrazak yupi? Huyu alidanganya kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenziwe.

"Yuko taabuni," akasema. "Wakili wake anatafuta mtu wa kueleza yaliyotokea mchana wa siku ile aliyooshwa Wael."

Suud akalitua dele. "Mwacheni Wael apumzike, Bi Mazoon."

"Sikuuliza khabari za Wael."

"Kila anayeiulizia siku ile anamuulizia Wael."

Hapo muadhini wa msikiti wa mtaa akaadhini alasiri, na uso wa Suud ukapata nafuu waziwazi. Akasimama, akaweka kofia yake sawa. "Kahawa ipo, kunywa utakavyo. Mimi naenda kuswali."

Akaenda. Mazoon akabaki na sinia. Alikuwa amejiandaa kujibu swali moja ambalo mtu yeyote angeuliza: taabu gani? Suud hakuuliza. Asiyeuliza mwenzake kapatwa na nini, ama hajali, ama analiogopa jibu, na mtu aliyevuka bahari na jeneza la rafiki hawezi kuitwa asiyejali. Mazoon akakitikisa kikombe mbele ya majlisi tupu, kwa kuwa adabu ni adabu, akatoka.

Ndani ya gari aliwasha kipoza hewa kwanza, kisha akampigia Theodora. Huko Marekani kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri, lakini simu ilipokelewa mara moja. Theodora alikuwa mzaliwa wa Bukoba, wakili aliyelipwa na serikali kuu ya kule kuwatetea watu wasio na uwezo, na kwa mwaka mzima alikuwa akilala na kesi hii na kuamka nayo.

"Umempata?"

"Nimempata. Kanidanganya."

"Mungu wangu, dada."

"Usisononeke. Kadanganya vibaya sana. Anamjua mtu wako, anajua mpaka kwao."

Kesi yenyewe Mazoon alikuwa ameielewa polepole, kama mtu anayetembezwa katika nyumba ya milango mingi. Mahakama ya jimbo ilimfunga Abdulrazak maisha kwa kumuua mwenye duka kwa bastola, mchana kweupe, baina ya adhuhuri na alasiri, kwa neno la shahidi mmoja aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Rufaa zake zote za jimbo ziligonga mwamba. Ukabaki mlango wa mwisho: kumwomba jaji wa mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, alilazimishe jimbo lieleze ni kwa haki gani linaendelea kumshikilia mtu huyu. Jaji huyo hairudii kesi. Anatazama tu kama mfungwa alitendewa kwa mujibu wa katiba, na lalamiko la Abdulrazak lilikuwa kwamba wakili aliyepewa na jimbo hakumtafuta shahidi wake. Taabu ni kwamba ombi lilichelewa, na sheria ya kule huufunga mlango huo baada ya mwaka. Aliyechelewa huingia kwa ufa mmoja tu: alete ushahidi mpya, wa kuaminika, unaoonesha kwamba hakutenda.

"Ushahidi huo ni Suud, hakuna mwingine," Theodora alisema. "Kikao ni wiki ijayo. Nikienda mikono mitupu jaji analifunga faili, na hapo ndiyo basi. Abdulrazak atafia mle ndani."

"Na imamu wa msikiti?"

"Siku hiyo alikuwa safarini. Aliwaachia funguo za chumba cha kuoshea. Naye ameshafariki."

"Nisomee tena alivyohojiwa Abdulrazak kwenye kesi ya kwanza."

Zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Mwendesha mashtaka anamuuliza: 'Unadai saa ya mauaji ulikuwa unaosha maiti. Tueleze, mwili huo ulikuwaje?' Anajibu: 'Hilo sitalisema.' 'Kwa kuwa hulijui?' 'Nalijua. Sitalisema.'" Theodora akashusha pumzi. "Kule hukumu hutolewa na raia kumi na wawili. Wote wakamwona mwongo. Hata wakili wake alimwona mwongo. Alimwandikia Suud barua pepe moja, hakujibiwa, akaachia hapo."

"Alisema nini kingine kuhusu uoshaji?"

"Lipo jambo moja aliwaambia polisi siku aliyokamatwa. Sikuambii, dada. Usije ukamtia Suud maneno mdomoni bila kukusudia."

"Ungeniambia ningekukatia simu," Mazoon akamjibu, na wote wawili wakacheka kidogo.

Alikaa muda baada ya simu kukatika. Watu wawili, mmoja jela ya Marekani, mmoja majlisini Mawaleh, hawajasemezana miaka kumi na mmoja, na wote wamekwama mahali pamoja, kwenye mwili wa Wael. Waongo wawili ambao hawakupanga neno kabla hutofautiana tu. Wanaokwama mahali pamoja wanaficha kitu kimoja. Mazoon akakisia ni kitu cha namna gani, lakini kisio halipelekwi kortini. Akageuza gari kuelekea Bawshar, kwa mama yake Wael.

Bi Nawar aliishi kwenye nyumba kubwa yenye vyumba vingi na watu wachache, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Mumewe alishafariki, na wanawe wa kike walikuwa wameolewa. Alimpokea Mazoon sebuleni, miguu yake imefunikwa shali.

"Shikamoo, Bi Nawar."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa kina nani?"

"Binti Awadh. Wa kina Amur, wa Ng'ambo ya Unguja."

"Aa! Bibi yako akimimina mkate wa kumimina hauna mfano. Kaa hapa karibu."

Mazoon alikuwa amejiapiza jambo moja njiani: hatamtonesha mama huyu kidonda. Alikuja kuuliza dogo, nani walikuwapo, nani alisema nini, kisha aondoke. Akasema yupo mtu aliyekuwa kule siku za msiba, ana kesi, na wakili wake anakusanya khabari.

"Suud aliporudi na marehemu, alikuhadithia nini kuhusu kule?"

"Alinihadithia ndege ilivyochelewa." Bi Nawar akacheka bila furaha. "Nimeosha watu wengi mimi, Unguja na hapa. Na wewe?"

"Shangazi yangu. Na wengine wawili."

"Basi unajua. Ukitoka chumbani, mwenye maiti wake yuko mlangoni anakungoja. Utamwambia nini?"

"Jema nililoliona. Uso umenawiri. Alikuwa mwepesi kugeuka. Kidole cha shahada kimenyooka."

"Na ukiona baya?"

"Nalifukia."

"Ehe." Bi Nawar akalivuta shali. "Suud alikaa hapo ulipokaa wewe. Nikamngoja. Msiba ukaisha, nikamngoja tena. Aliniletea nguo za mwanangu, saa yake, viatu vyake. Uso wa mwanangu hakunitajia. Yule kijana hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililonipa khabari. Angekuwa anajua, angenambia Wael alitabasamu, nami ningelala."

 Alichokisia Mazoon ndani ya gari alikuwa amekisikia sasa kwa mdomo wa mtu aliyekijua kabla yake, na alimwonea huruma mama huyu.

"Munadhani mimi sifahamu," Bi Nawar akaendelea. "Mwanangu hakupelekwa kule kwa elimu. Alipelekwa ili aiache sindano ya unga. Babake alisema, akiwa mbali na rafiki zake ataisahau. Sindano haina kwao, mwanangu, kila mji ipo. Tukaletewa khabari kwamba moyo umesimama. Wa nani hausimami? Babake akashika hilo, na mimi nikamwacha alishike mpaka akafa nalo."

Akamkazia macho mgeni wake. "Sasa n'ambie wewe. Mtu mmoja hamgeuzi maiti peke yake. Nani mwengine alikuwa na Suud?"

Hapo Mazoon akapima. Siri ilikuwa imetolewa na mwenyewe, si na yeye. Akaona kumficha mama huyu lililobaki ni kumdharau. Akamweleza habari za Abdulrazak, duka, swali la kortini na jibu lake.

"Kafungwa kiasi gani?"

"Maisha."

"Kwa kumsitiri mwanangu?"

"Na kwa uzembe wa wakili wake. Lakini ndiyo, Bi Nawar, kwa hilo pia."

"Ana mama?"

"Yuko Tanga, hai."

Bi Nawar akaliondoa shali miguuni.  "Mtoto wa mwenzangu! Aibu yangu nimekula nayo, nimelala nayo, haijaniua. Yeye imemla ujana wake wote. Nipe abaya yangu hiyo hapo mlangoni. Suud anaishi wapi siku hizi?"

Walifika Mawaleh watu wametoka kuswali magharibi. Suud alifungua mlango mwenyewe, na alipomwona aliyesimama nyuma ya Mazoon, rangi ikamtoka.

"Mama?"

Bi Nawar hakungoja kukaribishwa. Aliingia majlisini, akakataa mto, akabaki amesimama katikati ya zulia. "Suud, nisikilize. Mwanangu alikuwa na matundu ya sindano mikononi. Nakwambia mimi. Wewe usinijibu, usije ukaipoteza thawabu yako. Ulimsitiri, Mungu akusitiri. Sasa mwambie binti huyu nani alikuwa na wewe."

Suud akakaa chini bila kuangalia anakaa wapi. Akajifuta uso kwa kiganja kama mtu anayetawadha.

"Abdulrazak," akasema. "Abdulrazak wa Tanga. Kafanywa nini?"

Mazoon alikuwa amelihifadhi jibu hilo tangu alasiri, na sasa alilitoa bila kulipamba. "Siku ileile, mchana uleule, mtu aliuawa dukani. Walisema ni yeye. Alisema alikuwa na wewe. Yuko jela mpaka leo, na atabaki humo mpaka afe, ila wewe useme."

"Hapana," Suud alisema. "Hapana, wallahi sikujua. Ilikuja barua pepe. Iliandikwa, eleza kwa ukamilifu kila ulichokifanya na ulichokiona kwenye mwili wa marehemu. Nikasema, huyu anataka kumvua Wael nguo mbele ya Wamarekani. Nikaifuta. Nilidhani ni mashitaka madogo, imamu atamsemea, yataisha." Akamwangalia Bi Nawar. "Tuliahidiana mimi na yeye, mikono yetu bado ina maji. Nikaona nikijibu nimeivunja amana. Kumbe nilimfunga mimi!"

"Alifungwa na wengi," Mazoon akasema. "Kujilaumu kuna siku yake. Leo una kazi." Akaiweka simu juu ya sinia, akaiwasha irekodi, akataja tarehe, mahali na waliokuwapo. "Nieleze tangu mlipoingia chumbani mpaka mlipotoka. Mwili usiuguse."

"Nisiuguse?"

"Kuta, maji, watu, wakati. Mwili uache. Hakuna anayeuhitaji."

Suud akamtazama kama mtu aliyebeba mzigo safari nzima, kisha akaambiwa lori lilikuwa likipita njia hiyohiyo. Akaanza kusema.

Waliswali adhuhuri, wakaingia wawili tu. Ilikuwa Januari, theluji nje, na mtambo wa maji ya moto wa chumba kile ulikuwa umeharibika. Maji yaliyotoka bombani yaliuma vidole. Abdulrazak akasema hatumwoshi mwenzetu kwa maji ya barafu. Akakimbia jikoni mwa msikiti, akalichukua birika kubwa la umeme la chai ya Ramadhani, akawa anachemsha na kuchanganya, anachemsha na kuchanganya. Ndiyo maana walichelewa. Walimaliza kumvisha sanda watu wakiitwa kuswali alasiri, na baada ya alasiri marehemu akaswaliwa.

"Abdulrazak alitoka nje wakati wowote?"

"Jikoni tu, mlango wa pili. Namsikia akiimba kasida kwa sauti ya chini, alikuwa na hofu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuosha." Suud akasita. "Na mara ile ya kwanza kabisa kuleta maji, birika lilimmwagikia. Mkono wa kushoto ukaungua wote, ngozi ikatoka malengelenge. Nikachana kipande cha sanda kilichozidi, nikamfunga. Akaendelea kumimina kwa mkono mmoja."

Mazoon hakubadilisha uso. "Ulimfunga mwanzoni au mwishoni?"

"Mwanzoni. Hatujamaliza hata upande wa kulia tunaoanzia."

Akamwachia aseme mpaka mwisho, akazima, akatoka barazani kumpigia Theodora. Alimwambia maneno ya Suud kama yalivyo. Alipofika kwenye kipande cha sanda, upande wa pili kukawa kimya kiasi kwamba alidhani laini imekatika.

"Theodora?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa nzito. "Alipokamatwa jioni ile walimpiga picha. Ana kitambaa cheupe mkono wa kushoto. Wakamuuliza ni nini, akasema ni sanda. Polisi akaandika kwamba mtuhumiwa anaongea ovyo. Hakuna aliyemuuliza tena."

"Na yule shahidi wa barabarani? Alisema nini kuhusu mikono ya muuaji?"

Karatasi zikafunuliwa kwa haraka. Mazoon akasubiri, jicho lake, kupitia mlango uliokuwa wazi, kwa Bi Nawar aliyekuwa sasa amekaa, akimnywesha Suud maji kama mtoto.

"Mikono miwili kwenye bastola," Theodora akasoma. "Mitupu. Anasema aliiona vizuri kwa sababu ilikuwa baridi na muuaji hakuvaa glavu." Kisha akapiga ukelele mdogo wa furaha ambao haukufaa kabisa kwa wakili. "Dada! Yaani walikuwa nayo miaka yote hii!"

"Walikuwa na nusu," Mazoon akasema. "Nusu nyingine ilikuwa Mawaleh inauza matunda."

Kikao kilifanyika kwa njia ya video, asubuhi ya kule, saa kumi na moja jioni ya Maskati, katika ofisi ya wakili mmoja wa Bawshar aliyewaazima chumba. Suud alivaa kanzu na kilemba, akaapishwa. Bi Nawar alikaa pembeni ukutani, nje ya upeo wa kamera. Aliulizwa mapema na Mazoon kama angependa kungoja nyumbani, akajibu kwamba amengoja vya kutosha.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye mvi na sauti ya taratibu. Mkono wake wa kulia alikaa mwanasheria wa jimbo, na kushoto Theodora, na kando ya Theodora mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amenyoa kipara, nguo za jela za rangi ya chungwa. Suud alipomwona akafumba macho, akayafumbua, akaendelea. Alisema yote aliyoyasema majlisini, kwa Kiingereza chake cha chuoni, bila kuongeza neno.

Mwanasheria wa jimbo akasimama. "Miaka kumi na mmoja hukusema. Kwa nini?"

"Kwetu, anayeosha maiti hasemi alichokiona. Nilidhani nitaulizwa hicho."

"Basi nakuuliza hicho. Tueleze ulichokiona kwenye mwili ule, tupime kama kweli ulikuwapo."

Theodora alikuwa ameshaanza kuinuka. Suud akageuza kichwa kumtazama Bi Nawar. Bi Nawar, mgongo umenyooka, akaitikia kwa kichwa: sema. Suud akavuta pumzi.

"Usilijibu hilo," jaji akasema.



"Ninachotafuta ni mahali alipokuwa mfungwa huyu, na nimekisikia," jaji akamwambia mwanasheria. "Marehemu hashtakiwi hapa. Endelea na swali jingine."

Hakuwa na jingine la maana. Baada ya mapumziko jaji alirudi na karatasi moja. Akasema hajaamua kama kifungo ni batili. Hilo litachukua muda wake, na jimbo litapata nafasi ya kujibu. Lakini ushahidi huu ni mpya, unaaminika, na picha ya polisi wenyewe inauunga mkono. Kuchelewa kwa ombi hakutakuwa kizuizi tena. Atalisikiliza lote, na jimbo lijiandae kueleza kwa nini mtu huyu asiachiwe. Akainuka, akatoka.

Mazoon alijua maana ya hayo na alijua pia ambayo hayakusemwa, kwamba njia bado ndefu. Hata hivyo alikuwa na furaha, akaona hana haja ya kuificha. Akanyoosha mkono kuzima mtambo.

"Subiri," sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiswahili. Abdulrazak alikuwa ameinamia kipaza sauti cha Theodora, na askari nyuma yake akiwa bado hajaamua kama amzuie. "Suud. Mama yake Wael hajambo?"

 Bi Nawar akainuka ukutani, akaja mpaka mbele ya kamera, akamsogeza Suud kwa bega kama mtu anayejipatia nafasi jikoni.

"Hajambo, mwanangu. Ndiye huyu. Nimekuzoea leoleo, na sitaki kukaa sana bila kukuona."

Abdulrazak akamtazama kwa muda. Askari akamgusa mkono, naye akasimama taratibu.

"Nikitoka, Mama, nitakuja," akasema, akaongozwa mlangoni.

Theodora akabaki peke yake kwenye skrini, kalamu mkononi, anatazama kiti kilichobaki kitupu. "Mwaka mzima nimekaa na yule mtu," akamwambia Mazoon. "Hajawahi kulitamka neno hilo."

"Neno gani?"

"Nikitoka," Theodora akasema, akaanza kulia.